Diski ya seva ya mtumba haisomi? Subiri kwanza usiitupe

Kuna dogo rafiki yangu ana ugonjwa wa kukusanya video, kompyuta yake ikajaa, akaona hizi hard disk kubwa zinazotolewa kwenye maseva zinauzwa nafuu kuliko mpya, akajichukulia moja ya tera 10. Kuchomeka, kimya. Bayosi (programu inayoamka kwanza kompyuta ikiwaka) haioni kitu, Windows haioni kitu, diski yenyewe haitoi hata mlio. Akanitumia ujumbe wa sauti, "Bro nimepigwa, hii kitu imekufa." Nikamuuliza inazunguka? Akasema haizunguki kabisa, hata akiweka mkono juu yake hasikii mtetemo wowote. Nikamwambia tulia, hiyo huenda ni nzima kabisa.

Alidhani namfariji tu. Lakini diski iliyokufa mara nyingi ina makelele yake, inagonga, inalia, inajaribu kuzunguka afu inaacha. Diski iliyotoka kwenye seva ikakaa kimya kana kwamba hujaichomeka, hiyo mara nyingi imeamriwa ikae kimya, na anayeiamuru ni pawa saplai yako mwenyewe bila wewe kujua.

Iko hivi. Konekta ya umeme ya SATA, njia ya kawaida ya kuunganisha diski na kompyuta, ina pini 15. Pini 3 za kwanza, ukihesabu kuanzia upande wa konekta ya data, zamani zilikuwa za volti 3.3. Baada ya hapo zinafuata za graundi, za volti 5, graundi tena, kuna ya 11 ambayo nayo ina mambo yake nitaigusia, na mwisho kabisa zile za volti 12. Sasa hiyo volti 3.3 diski za inchi 3.5 zilikuwa hazihangaiki nayo, iwepo isiwepo zinafanya kazi. Mwaka 2016 likatoka toleo la SATA 3.3 (toleo na volti zimegongana namba tu, usichanganyikiwe) na humo pini ya 3 ikapewa kazi mpya inaitwa Power Disable, ukisoma kwenye karatasi za diski utaiona imeandikwa PWDIS. Pini ikipata volti diski inajizima, ikikosa volti diski inafanya kazi kama kawaida.

Kwenye seva hiyo ni akili kubwa kwasababu diski ikigoma saa nane usiku hamna haja ya mtu kwenda kwenye chumba cha maseva kuichomoa na kuichomeka upya, inatumwa amri tu diski inakatiwa umeme inarudishiwa. Ila pawa saplai ya kompyuta ya kawaida iliyotengenezwa kwa mpango wa zamani inamwaga volti 3.3 kwenye pini ile muda wote, kwahiyo diski inaambiwa zima, nayo inatii, inakaa hivyo mpaka utakapochomoa.

Kujua kama wewe ndo umekutwa na hili wala huhitaji kifaa. Angalia kebo ya pawa saplai inayoenda kwenye vichwa vya SATA na uhesabu waya. Zikiwa 5 maana yake volti 3.3 ipo, na kwenye pawa saplai nyingi za zamani ndo ule waya wa rangi ya machungwa. Zikiwa 4 basi haipo, na kuna pawa saplai mpya kadhaa zimeshaiondoa kabisa. Kwenye zile kebo ambazo waya zote ni nyeusi rangi haikusaidii, hesabu tu.

Dogo alihesabu, zilikuwa 5.

Dawa ninayoipenda ni tepu ya Kapton, ile ya njano inayong'aa ambayo mafundi wa simu wanaitumia sana, nyembamba na haiogopi joto. Unakata kipande chembamba unaziba zile pini 3 za kwanza kwenye diski yenyewe, sio kwenye kebo, unatumia kibano kidogo na mwanga wa kutosha maana pini ni nyembamba na ukivuka ukafunika hata ya nne sio mwisho wa dunia lakini ukifika kwenye za volti 5 diski haitawaka na utaanza kujiuliza upya. Kitaalamu pini ya 3 peke yake inatosha, ila kuziba zote tatu ni rahisi zaidi kwa mkono na hamna unachopoteza. Usitumie soloteepu ya ofisini, gundi yake ikipata joto inatembea, na siku ukichomoa kebo tepu inabaki ndani ya kichwa cha kebo.

Njia ya pili ni kupitia Molex, zile konekta kubwa za zamani za pini 4. Zina waya wa njano wa volti 12, mwekundu wa volti 5, na weusi wawili wa graundi, volti 3.3 haimo kabisa, kwahiyo ukitumia adapta ya kutoka Molex kwenda SATA tatizo linaisha lenyewe. Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Zile adapta ambazo kichwa cha SATA kimemwagiwa plastiki kikawa kipande kimoja kigumu, waya huoni zinavyoingia, zina sifa mbaya ya kuungua hadi kushika moto, kwasababu huko ndani waya zinaweza kuwa zimekaribiana na hamna anayeziona. Tafuta zile ambazo kichwa kina kifuniko cha nyuma na kila waya umebanwa sehemu yake. Tofauti ya bei kati yao haifikii hata robo ya thamani ya diski, achilia mbali nyumba.

Wengine wanakata ule waya wa machungwa kabisa. Inafanya kazi, mi siipendi, lakini kama pawa saplai ni yako na huna mpango wa kudai warantii basi kata na uzibe ncha vizuri.

Na tukiwa bado kwenye umeme, kuna jambo linaua diski nzima kila siku na watu hawalijui. Pawa saplai ambazo kebo zake zinachomoka, usije ukachukua kebo ya pawa saplai nyingine ukaichomeka kwasababu imeingia. Upande wa diski ni sawa kwa zote, ila upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kanuni moja, kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, wakati mwingine hata matoleo mawili ya kampuni hiyohiyo hayalingani. Volti 12 inaenda ilipotakiwa volti 5 na diski zote kwenye kebo hiyo zinaondoka kwa pamoja. Hiyo ndo ile unasikia mtu anasema nilikuwa na diski nne zote zimekufa siku moja.

Ile pini ya 11 sasa. Kama haijashikwa graundi wakati diski inapata umeme, diski nyingi za seva hazizunguki mpaka zikishaongea na kontrola, kifaa kinachoziongoza diski, kupitia kebo ya data. Sababu ni kwamba diski moja ya inchi 3.5 wakati inaanza kuzunguka inaweza kuvuta kama ampea 2 kwenye volti 12, sasa chukua seva yenye diski 24 ziwake zote kwa mpigo, hapo unaongelea wati zaidi ya 500 kwa sekunde chache tu za mwanzo, ndo maana zinawashwa kwa zamu. Kebo za kawaida za pawa saplai zinashika graundi hiyo pini kwahiyo nyumbani mara nyingi hutaliona hili, lakini kama unapima diski kwa kuipa umeme tu bila kebo ya data, hasa kwa kutumia adapta za ajabuajabu, usitoe hukumu kwasababu imekaa kimya. Chomeka na data ndo usikilize.

Tuje kwenye SAS, njia nyingine ya kuunganisha diski inayotumika kwenye seva, maana hapa ndo hela nyingi za watu zinapotelea. Diski za SAS na za SATA kwa macho ya haraka ni mapacha, ukubwa uleule, lebo zilezile, muuzaji naye kaandika "diski ya seva tera 8" basi. Igeuze uangalie konekta. SATA ina pengo kati ya kipande cha data na kipande cha umeme. SAS hilo pengo limezibwa na plastiki, konekta ni moja ndefu, na ukiangalia upande wa pili wa plastiki hiyo kuna pini nyingine 7 ambazo SATA haina, hizo ni za njia ya pili ya data. Kebo ya SATA ya kawaida haiingii kwenye diski ya SAS, na wameifanya hivyo makusudi.

Sasa kuna adapta ndogo za bei ya kutupa zinazoziba hiyo tofauti, unachomeka diski ya SAS huku, huku unatoka na kebo ya SATA, inaingia safi kabisa. Na haisomi. Haitasoma hata ukibadilisha kebo mara mia, kwasababu ile adapta imebadilisha umbo la mdomo tu, lugha haijabadilika. Kontrola ya SAS inaelewa SAS na SATA zote mbili, kwahiyo diski ya SATA ukiipeleka kwenye seva ya SAS inafanya kazi. Kinyume chake hakipo, tundu za SATA kwenye madabodi haziwezi kuongea na diski ya SAS. Adapta hizo zina matumizi yake halali pale tu upande wa pili kuna kontrola ya SAS, basi. Na dokizi za USB za kuchomekea diski ni habari hiyohiyo, karibu zote ni SATA tupu.

Kibaya zaidi diski ya SAS inaweza kukaa kimya kabisa kwenye mazingira hayo, kwasababu nyingi zinasubiri kontrola izipe ruhusa ya kuzunguka na tundu la SATA halijui hata kama kuna ruhusa ya kutoa. Kwahiyo unaweza kuwa na diski ya SAS nzima kama mpya mkononi, ukaipa umeme, ikakaa kama jiwe, ukairudisha kwa muuzaji ukimwita tapeli.

Unachohitaji ni kadi ya SAS inayoingia kwenye PCIe, lile tundu la kadi kwenye madabodi. Za zamani zilizotoka kwenye seva nazo ziko nyingi, LSI 9211-8i na ndugu zake ndo maarufu kuliko zote, kampuni za seva ziliziuza kwa majina yao lakini chipu ndani ni ileile ya SAS2008. Ukinunua tafuta iliyowekewa fimuwea (programu ya ndani ya kadi) ya IT, maana yake kadi inapitisha diski moja kwa moja kwenye sistimu bila kujifanya mjuaji. Ikiwa na fimuwea ya RAID, ile ya kuunganisha diski kadhaa zionekane kama moja, unaweza ukachomeka diski, kadi yenyewe inaiona, ila Windows au Linux haioni chochote mpaka uingie kwenye menyu ya kadi utengeneze kundi, na hapo watu wengi wanaachana na diski nzima. Kebo nayo iangalie, hiyo kadi inatumia kebo ya SFF-8087 upande mmoja inayotawanyika kuwa vichwa vinne vya SFF-8482 upande wa diski. Kuna kebo zinafanana nazo zinazotawanyika kuwa SATA nne lakini zimeungwa kwa mwelekeo wa kinyume, kutoka madabodi kwenda kwenye bodi ya seva, hizo zinaingia vizuri tu na hazifanyi kazi. Na kadi kongwe zaidi, zile za chipu ya SAS1068E, zinaishia tera 2 na kidogo, diski kubwa hazitaona ukubwa wake wote. Kingine ni joto, kadi hizi zilizoea upepo mkali wa feni za seva, kwenye kava la kawaida zinaunguza mkono, zinaanza kudondosha diski moja moja ukadhani diski ndo mbovu. Feni ndogo ikipuliza pale inamaliza.

Sasa umepata kadi sahihi, kebo sahihi, diski inazunguka, kadi inaiona kwa jina na namba yake, ila kwenye sistimu ukubwa ni sifuri. Hii mimi naipenda kwasababu inaonekana ya kutisha na dawa yake ni amri moja. Mitambo mikubwa ya kuhifadhi data mingi haitumii sekta za baiti 512 kama kompyuta zetu, inatumia 520, ile nyongeza ya baiti 8 ni ya kuhakiki kama data haijaharibika njiani. Kuna na za 528. Diski ikitoka huko imefomatiwa hivyo, na sistimu ya kawaida haijui kufanya nini na sekta ya namna hiyo. Linux angalau inakwambia ukweli, ukiandika `dmesg` utakutana na mstari wa `Unsupported sector size 520` na hapo unajua umefika. Windows inakuonyesha diski isiyo na ukubwa, au isiyokubali kuanzishwa, na haikuelezi kwanini.

Dawa iko kwenye kifurushi cha Linux kinachoitwa sg3_utils. Kwanza `lsscsi -g` (hii ina kifurushi chake peke yake) ikuonyeshe diski yako ni ipi, itakuwa kitu kama `/dev/sg3`, na hapa rudia kusoma kabla hujabonyeza kwasababu amri inayofuata haiulizi diski hii ina picha za harusi au haina. Angalia na `sg_readcap -l /dev/sg3` ili uone sekta zake ni baiti ngapi na kama ina ulinzi wa ziada umewashwa. Afu ndo `sg_format --format --size=512 /dev/sg3`, na kama ulinzi ulikuwa umewashwa ongeza `--fmtpinfo=0`. Ukishaianzisha iache. Diski inajifomati yenyewe ndani, masaa mengi, kwa diski kubwa inaweza kufika siku nzima au zaidi, na muda wote huo ukiigusa inaonekana kama imekufa. Umeme ukikatika katikati diski inarudi ikiwa inasema fomati imeharibika na haikubali kusoma wala kuandika, hapo usilie, unairudia amri ileile kuanzia mwanzo na mara nyingi inapona. Ila kama umeme wako ni wa kukatika kila baada ya muda tafuta UPS, ile betri ya akiba, kabla hujaanza. Kupitia kadi yenye fimuwea ya RAID amri hii kwa kawaida haifiki kwenye diski, ndo sababu nyingine ya kutaka IT.

Ndugu yake wa karibu ni 4Kn, diski ambazo sekta yake ni baiti 4096 moja kwa moja bila kuigiza 512. Hizi zinakuwepo za SATA pia, kwahiyo hata asiye na kadi ya SAS anaweza kukutana nazo. Windows 7 haizijui, kuanzia Windows 8 na Windows Server 2012 zinakubalika, na kama unataka kuwashia kompyuta kutoka humo lazima iwe UEFI, ile bayosi ya kisasa. Kwenye lebo wakati mwingine kuna maandishi ya 4Kn au 512e (512e ndo ile inayoigiza 512), lakini kama lebo imechakaa tafuta idadi ya LBA, yaani idadi ya sekta. Diski ya tera 4 ya kawaida ina LBA 7,814,037,168, ukikuta imeandikwa 976,754,646 hiyo ni 4Kn, gawanya kwa 8 uone.

Mengine yapitie haraka. Madabodi nyingi zinazima tundu moja au mbili za SATA ukiweka SSD ya M.2, kitabu cha madabodi kinasema ni zipi, hamisha kebo tundu lingine kabla hujaanza kuwaza pini. Diski kubwa inaweza kuchukua nusu dakika mpaka iwe tayari na bayosi yenye haraka inakuwa imeshapita, ukiiwasha upya bila kuzima umeme inaonekana, basi zima ile kuwaka kwa haraka kwenye bayosi. Kebo ya USB ya diski ndogo za laptopu haiwezi kuzungusha diski ya inchi 3.5, haina volti 12 hata kidogo. Dokizi za zamani nazo zinaishia tera 2.

Kama bayosi inaiona na Windows haionyeshi kwenye orodha ya madraivu yako ya C na D, hapo wala hamna ugonjwa, fungua Disk Management uangalie chini, itakuwa haijaanzishwa au imewekwa Offline. Ianzishe kwa GPT, mpango mpya wa kugawa diski. Ukiianzisha kwa MBR, ule wa zamani, yenye sekta za 512 mwisho wake ni tera 2.2 na zilizobaki zitakaa hapo bila kugawika. Ikiwa na mabaki ya RAID au ya mfumo wa faili wa ZFS ya mwenye nayo wa kwanza, kwenye Linux `wipefs -a` inayafuta.

Kuna zilizofungwa kwa paswedi, `hdparm -I` itakuonyesha neno locked kwenye sehemu ya usalama, na hizo za SATA bila paswedi ni ngumu sana kuokoa. Zile zinazojisimba zenyewe, yaani zinazoficha data kwa msimbo, ni afadhali kidogo, nyingi zina namba ndefu ya PSID ya herufi 32 kwenye lebo, ukiiingiza kwa programu ya sedutil diski inajifuta yote na kurudi kama mpya, data inaondoka lakini wewe hukununua data. Ndo maana muuzaji akikutumia picha ya lebo iliyokwanguliwa mi nakushauri umpite.

Na kuna moja ambayo haina dawa kabisa kwa mtu wa Windows, diski za SMR zinazosimamiwa na kompyuta, zimeandikwa HM-SMR kwenye karatasi zake. Data inaandikwa kwa mistari inayopandana kwahiyo diski inakataa uandike popote unapotaka, lazima sistimu yenyewe ijue kupanga. Linux ilianza kuzielewa 2017 na hata huko sio kila mfumo wa faili unazikubali. Tafuta namba ya modeli kabla ya kulipa, ikiwa ya aina hii achana nayo hata kama inauzwa bei ya karanga.

Zilizokufa kweli zinajulikana. Inagonga tik tik tik mara kadhaa afu inajizima, vichwa vimekwenda. Inatoa mlio mwembamba kama wa saa ya kengele na haizunguki, mota au vichwa vimeng'ang'ania. Ukiichomeka tu kompyuta nzima inakataa kuwaka na ukiitoa inawaka, hapo kwenye bodi ya diski kuna kitu kimeunda shoti, mara nyingi ni ile daiodi ya kulinda volti, na huko nyuma mtu aliipa umeme usiofaa. Usidanganyike kubadilisha bodi na ya diski nyingine ya modeli hiyohiyo, kila bodi ina chipu yenye vipimo vya vichwa vya diski yake peke yake, bila kuihamisha chipu hiyo unapoteza muda. Na diski ya heliamu usiifungue hata kwa udadisi, hizi zilianza kuuzwa 2013, zimezibwa kwa kulehemu, heliamu ikitoka hairudi. Umenunua juzi? Rudisha, usiwe fundi.

Ya dogo ilianza kuzunguka baada ya ile tepu, na hapo ndo ilibidi nimzuie maana alitaka kuanza kuhamisha video saa hiyohiyo. Kusoma sio uzima. Kwanza `smartctl -x`, amri ya kusoma SMART yaani kumbukumbu ya afya ya diski, uangalie masaa iliyofanya kazi, mwaka mmoja ni masaa 8,760, kwahiyo ukikuta 40,000 hiyo imefanya kazi miaka minne na nusu bila kulala na kwa diski ya seva hilo halinitishi. Kinachonitisha ni namba 5, 197 na 198, sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zilizoshindikana. Namba 199 ikipanda lawama nyingi ni za kebo. Diski za heliamu za HGST na WD zina namba 22 inayoonyesha kiwango cha heliamu, inatakiwa isimame kwenye 100. Kwa SAS orodha ni tofauti, tafuta mstari wa grown defect list, sifuri ndo nzuri. Na kwasababu masaa yanaweza kufutwa na wajanja, diski za Seagate zina kumbukumbu nyingine ya ndani inaitwa FARM, smartctl kuanzia toleo la 7.4 inaisoma kwa `-l farm`. Masaa ya hapo na ya SMART yakipishana sana umeuziwa hadithi.

Afu fanya `smartctl -t long`, na baada ya hapo iandike yote mwanzo hadi mwisho kwa `badblocks -b 4096 -wsv`, hii inafuta kila kitu na kwa diski ya tera 10 itakula siku kadhaa kwasababu inaandika na kusoma mara nne. Kwa zilizozidi tera 17 weka `-b 8192` la sivyo inagoma kwa kuzidiwa na hesabu. Ikimaliza soma tena zile namba tatu ulinganishe na za mwanzo. Zikiwa zilezile, weka video zako, na uwe na nakala sehemu nyingine. Zikiwa zimeongezeka hata kidogo wakati wa jaribio, zifotoe pale pale kwenye skrini na umtumie muuzaji kabla muda wa kurudisha haujaisha.